Mdomo wa moto ukae inje: kupasha vifaranga joto katika nyumba yenye watu

Mwezi wa kumi ukifika, Bukavu inajaa vifaranga. Hesabu yake si ngumu: kuku wa nyama anataka wiki sita ao saba, kwa hiyo mwenye kutaka kuuza kwa Noeli na Bonane lazima aanze saa hii. Lakini saa hii njo wakati wa mvua, mji uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Chumba cha mbao chenye manjanja juu hakifiki hata karibu. Joto linalopunguka lazima litoke mahali fulani, na umeme ukikatika, kwa wengi wetu linatokaga kwenye mbabula.

Bandugu, juu ya chakula na chanjo tumeshaongea sana kati yetu. Leo tuongee juu ya ule moto. Katika parseli nyingi ninazotembelea, vifaranga hawako peke yao. Wako chumba kimoja na mtoto wa shule, ao na kijana aliyewekwa kulala pale juu ya panya na wezi. Asubuhi tunahesabu vifaranga waliokufa. Yule kijana, hakuna anayemuuliza ameamka namna gani.

Watu wanasemaga: "Makala haina moshi, haina shida." Ni kinyume. Moshi unawasha macho, unakukohoza, unakufukuza. Kwa namna hiyo unakulinda. Makala nyekundu isiyo na ndimi za moto, tena isiyopata hewa ya kutosha, inatoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Ikiingia katika mapafu inashikana na himoglobini ya damu, na inashikana nayo kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Njo maana hata kiasi kidogo, kama mtu anakivuta usiku mzima, kinaendelea kujilundika katika damu, na nafasi ya oksijeni inapunguka polepole, yeye akiwa amelala.

Wenzetu wa Goma na Sake watasema: hiyo ni kama mazuku. Hapana, na tofauti yake ni ya maana. Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mashimoni, kwa hiyo mbuzi ao mtoto anaanguka na mtu mzima aliyesimama karibu anaweza kupona. Monoksidi ya mbabula ni nyepesi kidogo kuliko hewa, tena inapanda pamoja na joto na kuchanganyika katika chumba chote. Kulala juu ya kitanda hakukusaidii kitu. Mahali pa kukimbilia ni inje tu.

Mwaka uliopita niliitwa kwenye nyumba moja, vifaranga 200 wa siku sita, kila asubuhi wanakufa kumi, kumi na watano. Mama mwenye nyumba alifikiri ni Gumboro. Kwa siku sita ilikuwa mapema mno. Nikapasua watatu: damu na mapafu vilikuwa na wekundu mkali kabisa, rangi ambayo haionekani hivi hivi. Nikauliza nani analala humu. Wakamwita kijana wao wa miaka 14. Anaumwa kichwa kila asubuhi, anatapika mara moja moja, akifika masomoni saa nne anapona. Alikuwa amepewa dawa ya malaria mara mbili, na homa hakuwa nayo hata siku moja. Kichwa kinachouma ndani ya nyumba na kupoa ukitoka, bila homa, na watu wawili wa chumba kimoja wakiumwa pamoja: hapo kwanza tazama moto, kisha mbu. Kijana alihamishwa usiku uleule.

Ndege ana pumzi ya haraka, kwa hiyo anaumia mbele ya mtu. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka na ndege wadogo katika vizimba juu ya sababu hiyo, na desturi ile iliachwa tu mwaka 1986. Kwetu kuna jambo lingine: kwenye kimo hiki oksijeni yenyewe ni chache, na kuku wa nyama, aliyezaliwa kukua haraka, anachokaga moyo na kupata maji tumboni. Ukiongeza monoksidi juu yake, unanunua hasara ambayo utaiona wiki ya tano, wakati umeshamaliza kulipa chakula.

Sasa tufanye nini? Kanuni ninayoishika ni moja: moto usinywe hewa ileile ya mtu anayelala. Joto liingie ndani, moto wenyewe ukule na kupumua inje.

Chukua pipa la lita 200, lilaze, ulipitishe katika ukuta ili mdomo wake, wenye mlango wa kutilia makala ao kuni, uwe inje chini ya kibanda kidogo, na tumbo lake liwe ndani ya chumba. Kwenye kisogo cha pipa, upande wa juu, fundi achomelee tuyo ya moshi. Tuyo hiyo ivuke chumba ikipanda, itoke kwenye ukuta wa pili, kisha isimame wima mpaka juu ya nyumba. Chumba kinapata joto la chuma tu. Mlinzi akitaka kuongeza makala anatoka inje. Usiku wa mvua atalalamika, mwache alalamike.

Mbele ya kukata pipa, uliza lilibeba nini. Lililobeba dawa za kuua wadudu usilitumie kamwe. Lililobeba esansi ao mazutu, hata likionekana tupu, mvuke uliobaki unaweza kulipuka chini ya mashine ya kuchomelea. Lioshwe vizuri, kisha lijazwe maji mpaka karibu na pale fundi anapokata. Ndani ya pipa weka matofali ao mchanga chini ya moto, vinginevyo litatoboka upesi. Na karibu na moto tumia chuma cheusi, si manjanja mapya: zinki ikipata moto mkali inatoa mvuke mbaya.

Tuyo inataka uangalifu zaidi kuliko pipa, na hapo mafundi wanaharakishaga sana. Moshi hausukumwi, unavutwa: hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, na ikipanda inaita nyingine nyuma yake. Kila kitu kinachoipooza ao kuibana kinavunja ule mvuto. Kwa hiyo upana wa tuyo, sentimita 15 kwa mfano, usipunguzwe popote hadi mwisho. Kona zisizidi mbili. Sehemu inayovuka chumba ipande angalau sentimita 2 kwa kila mita. Mimi naomba 5. Kwenye kila kiungo, kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini, ili maji meusi ya masizi yarudi motoni na yasidondoke chumbani, kisha skurubu tatu na udongo uliochanganywa na majivu kuziba nafasi. Viungo vya ndani vitazamwe kila wiki, kwa sababu udongo unapasukaga.

Tuyo moja isiyo na kitu cha kuifunika ikae sentimita 45 mbali na mbao. Pale inapovuka ukuta wa mbao, usitoboe tundu la kuitosha tu. Kata dirisha kubwa, uzibe na matofali na udongo, tuyo ipite katikati. Nyumba nyingi za mbao katika mji wetu zimeshikana. Zikiungua, zinaungua mustari mzima. Tandiko la vumbi la mbao nalo likae mita moja mbali na pipa, na uweke wavu kuzunguka.

Juu ya paa, tuyo ipite mahali inapotokea kwa sentimita 90 angalau, na ipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Hapa mlima unaleta shida yake. Kwenye miteremko ya Bukavu, mwisho wa tuyo yako unaweza kuwa sawasawa na dirisha la jirani wa juu. Panda umwone kwanza, muongee, ubadilishe upande kama inafaa. Kofia ya mvua iwepo, lakini ikae juu vya kutosha moshi upite.

Na kile kibati cha kufunga tuyo ili makala idumu mpaka asubuhi? Ama usikiweke, ama ukikate robo ili kisiweze kamwe kuziba tuyo yote. Makala iliyofungiwa moshi inakuwa mbabula ileile tuliyoikimbia. Hata na ufundi huu wote, chumba kibaki na nafasi mbili za hewa, moja chini na moja juu. Najua mtu anayezibaga kila tundu kwa bashi. Anafikiri anaokoa joto.

Kujaribu: siku ya baridi yenye mvua, milango imefungwa, choma karatasi kwanza ili kupasha tuyo, kisha washa kidogo. Leta kipande cha nguo kinachotoa moshi kwenye mlango wa pipa, halafu kwenye kila kiungo. Mlangoni moshi uvutwe ndani; kwenye viungo usipeperushwe kuelekea chumbani. Ukirudi nyuma, zima, tafuta masizi, kiota cha ndege ao kona iliyobana.

Kuna mafundi wanaotengeneza moto wa mazutu ao mafuta machafu ya moteri, yanayodondoka tone tone kwenye kikombe cha chuma. Ni joto kali, tena rahisi. Kwa nyumba yenye watu, mimi nasema hapana. Ndimi zikizimika, mafuta yanaendelea kudondoka kwenye chuma cha moto, yanajaa, na wa kwanza kuwasha tena anapokea mlipuko usoni. Mafuta machafu yanabeba pia metali zisizofaa mapafu. Anayeshikilia, basi chombo chote kikae inje, tanki mbali na lenye robine, tuyo ya mafuta iwe ya chuma, na mchanga uwe karibu. Maji juu ya mafuta yanayowaka yanatawanya moto.

Asiye na feza za pipa? Kwa vifaranga 50, chemsha maji inje, acha yapoe kidogo, jaza bido za lita 20, funga guniya juu. Bido moja ikishuka kutoka nyuzi 70 hadi 35 inaachia joto karibu sawa na la ampule ya wati 100 kwa saa nane. Bido tatu ndani ya uzio mdogo uliofunikwa nusu, zibadilishwe usiku wa manane. Mlinzi alale chumba kingine, telefone imwamshe.

Na kama umemkuta mtu amelegea chumbani: fungua mlango ukiwa umeshika pumzi, mvute inje, ndipo uite watu. Asipopumua, saidieni pumzi yake mkiwa njiani kwa kituo cha afya. Mwambie muganga mara moja kwamba kulikuwa moto ndani, aombe oksijeni. Kile kimashine cha kubana kidole kinaweza kuandika 98 wakati mtu anakufa, maana hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye monoksidi. Kwa hewa ya kawaida tu, damu inachukua saa nne ao tano kutoa nusu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni safi, karibu saa moja na nusu.