Duma wa Kuno na Manyoya ya Kipupwe

Julai 2023, katika hifadhi ya Kuno, jimbo la Madhya Pradesh nchini India, madume wawili wa duma, Tejas na Suraj, walikufa wakipishana siku chache. Walikuwa wameletwa kutoka Afrika Kusini Februari ya mwaka huohuo. Mwanzoni mwa Agosti akafuata jike aliyetoka Namibia. Chini ya kola za redio walizovishwa shingoni ili wafuatiliwe, ngozi ilikuwa imechubuka, vidonda vimeingia funza, na sumu ya vidonda imeenea kwenye damu.

Wizara ya mazingira ya India ilisema vifo vya Julai vilitokana na sababu za asili, na kwamba wanaozilaumu kola wanaeneza uvumi usio na ushahidi wa kisayansi. Muda si mrefu duma wote waliokuwa porini wakakamatwa, kola zikafunguliwa, wakarudishwa ndani ya uzio kutibiwa. Karibu wote walikaa huko hadi Desemba 2024, pale madume wawili, Agni na Vayu, walipoachiwa tena.

Kwa maoni yangu, kola ilimalizia tu kazi iliyoanzwa na kalenda. Duma wa kusini mwa Afrika huota manyoya mazito kuanzia Juni, kwa sababu ndipo kipupwe kinapoingia kwao, na usiku wa Namibia wakati huo ni wa baridi kali. Mwili haungoji baridi ifike ndipo ujiandae. Hufuata majira uliyoyazoea ulikozaliwa, na mnyama aliyevushwa ikweta kwa ndege huchukua muda kujirekebisha. Sasa Kuno, Juni hadi Septemba ni majira ya mvua: pepo za kusi wanazozijua vizuri mabaharia wa pwani yetu huendelea kuvuka bahari, zikaifikia India zikiwa zimejaa maji. Basi wanyama wale walijikuta na manyoya ya baridi katikati ya joto la unyevunyevu, mithili ya mtu aliyevaa sweta lililolowa asiweze kulivua. Duma akijikuna, ngozi inachubuka. Nzi wakitaga hapo, ulimi wake haufiki kuyalamba mayai. Shingoni, kola inaushikilia unyevu mchana na usiku.

Siku hizi madaktari huwapaka dawa ya kuua wadudu kabla ya mvua kuanza. Inasaidia, lakini maana yake ni kuwakamata wanyama wa porini au kuwapiga sindano za usingizi kila mwaka. Ningekuwa mshauri, ningetafuta duma wa karibu na ikweta au wa upande wake wa kaskazini, ambao miili yao haina kipupwe cha Juni cha kukumbuka. Hata hivyo Novemba 2025, Rais wa India, Droupadi Murmu, alipozuru Botswana, alikabidhiwa duma wengine 8. Botswana nayo iko kusini.

Historia ya duma nchini India ni fupi na ya kusikitisha. Wafalme wa India waliwafuga duma kwa ajili ya uwindaji, wakiwanasa porini kwa kuwa mnyama huyu huzaa kwa shida sana akiwa kifungoni. Walipoadimika, baadhi ya watawala wakawa wanawanunua Afrika, kwa hiyo usafirishaji huu si mpya hata kidogo. Watatu wanaohesabiwa kuwa wa mwisho walipigwa risasi na Maharaja wa Koriya mwaka 1947, na mwaka 1952 serikali ikatangaza kuwa duma ametoweka nchini. Hao walikuwa duma wa Asia. Ndugu zao wamebaki Iran peke yake, wachache mno kiasi cha kutoweza kugawiwa mtu. Ndipo India ikageukia Afrika, na Mahakama ya Juu ikaruhusu jaribio hilo mwaka 2020. Wanane wa kwanza walitua kutoka Namibia tarehe 17 Septemba 2022, siku ya kuzaliwa ya Waziri Mkuu Narendra Modi, na yeye mwenyewe akawafungulia vizimba mbele ya kamera.

Tangu hapo kila uzazi hutangazwa kwa shangwe. Mei 2023, joto lilipopita nyuzi 45, watoto 3 kati ya 4 wa jike mmoja walikufa. Aliyesalia, Mukhi, naye alizaa watoto 5 Novemba 2025. Ni jambo la kufurahisha, lakini si kipimo. Utafiti wa miaka mingi kwenye nyanda za Serengeti ulionyesha kuwa hata mtoto 1 kati ya 20 hakuwa akifikia umri wa kujitegemea, wengi wakiuawa na simba, na bado duma wa Serengeti wapo. Kinachowaweka ni nafasi. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Hifadhi ya Kuno ina 748, haina uzio kuizunguka, na imejaa chui. Mwaka 2023 dume mmoja alitoka mara kwa mara akakatiza mashamba na vijiji, hadi akapigwa sindano ya usingizi na kurudishwa. Alikuwa akifanya kile ambacho duma hufanya.

Serikali inasema lengo kubwa la kuwarudisha duma ni kuokoa nyika. Hoja hiyo naiheshimu, maana kwenye ramani rasmi za India sehemu kubwa ya nyika huandikwa kuwa ardhi isiyo na faida, na ardhi ya namna hiyo hugawiwa kwa urahisi. Huko Rajasthan tandawala mkubwa wa India, ndege wa nyikani ambao hawafiki 200, hufa kwa kugonga nyaya za umeme, nyingine zikiwa za mitambo ya jua. Lakini Kuno kwa kiasi kikubwa ni msitu mkavu, si nyika. Sehemu kubwa ya majani yake imeota mahali palipokuwa vijiji 24, vingi vya watu wa kabila la Wasahariya, waliohamishwa miaka ya mwisho wa karne iliyopita na mwanzo wa hii.

Na hawakuhamishwa kwa ajili ya duma. Walihamishwa ili kupisha simba wa Asia, ambao porini wamebaki Gujarat tu, kuzunguka msitu wa Gir. Mwaka 2018 zaidi ya 20 walikufa huko kwa maradhi ndani ya wiki chache, hatari ileile iliyofanya wataalamu wadai makazi ya pili. Mahakama ya Juu ilishaamuru mwaka 2013 baadhi yao wapelekwe Kuno ndani ya miezi 6. Gujarat haijatoa hata mmoja.