Sauti Ilitoka Wapi? Utangulizi wa Kumtazama Mwimbaji wa Roki Kwenye Filamu

Somo hili halidai ujue kusoma noti za muziki, wala uwe umewahi kushika kamera. Linadai macho, masikio, na subira ya kutazama kitu kimoja zaidi ya mara moja. Ninakuandikia wewe wa Mgogoni, huku Pemba, ambaye ukitumiwa video ya muziki kwenye simu unaitazama mpaka mwisho, inakukonga moyo, kisha ukiulizwa imekupendezea nini unakosa la kusema. Nia yangu ni kukupa maneno ya kusemea.

Mwimbaji tutakayemfuata ni mzaliwa wa visiwa hivi. Freddie Mercury alizaliwa Unguja Mjini tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya India, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na baba yake alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka 8 alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Uingereza. Huko, mwaka 1970, yeye na mpiga gita Brian May na mpiga drams Roger Taylor waliunda bendi ya Queen, na mwaka uliofuata akajiunga nao John Deacon wa gita la besi. Muziki wao ni wa roki, yaani muziki uliojengwa juu ya magita ya umeme, besi na drams, unaopigwa kwa kishindo na kuimbwa kwa sauti ya kufika mbali.

Ningeweza kuchagua mwimbaji mwingine. Nimemchagua huyu kwa sababu kamera zilimfuata tangu alipokuwa kijana anayetafuta jina hadi miezi michache kabla hajafariki, na karibu kila njia ya kumpiga picha mwimbaji ilijaribiwa juu yake. Ukimwelewa yeye, wengine watakuwa wepesi.

Tuanze chini kabisa. Picha za mwimbaji ziko za aina mbili kubwa, na wanafunzi wengi huzichanganya kwa kuwa zote huitwa video. Ya kwanza ni filamu ya tamasha: watu wamekusanyika, mwimbaji yuko jukwaani, kamera zinachukua kinachotokea na vipaza sauti vinanasa kinachosikika pale pale. Ya pili ni video ya wimbo: wimbo umekwisharekodiwa studio siku nyingi, unapigwa kwenye spika, na mwimbaji anafuatisha midomo mbele ya kamera. Kufuatisha midomo huko ndiko tunakokuita pleibeki. Swali la kwanza la kuiuliza picha yoyote, basi, ni hili: sauti ninayoisikia ilitoka wapi, na lini? Usilidharau kwa wepesi wake. Karibu kila kitu nitakachokueleza kinatoka ndani yake.

Chukua kanda ya harusi ya hapo kijijini. Mpiga video amesimama pembeni na kamera moja. Bi harusi anaingia, kinamama wanapiga vigelegele, taarabu inapigwa. Ukiletewa kanda hiyo baada ya wiki mbili, mara nyingi utakuta vigelegele vimefutwa na juu ya picha umewekwa wimbo safi uliorekodiwa mjini. Picha ni ya siku ile, sauti si ya siku ile. Kanda ilianza kama filamu ya tamasha, na mhariri akaisogeza kuelekea video ya wimbo. Mhariri ni mtu anayekata na kuunganisha vipande vya picha na sauti baada ya kazi ya kupiga kwisha. Jina lake tutalihitaji tena.

Sasa twende kwenye video iliyoibeba Queen duniani. Mwishoni mwa mwaka 1975 bendi ilitoa wimbo wa dakika karibu 6, “Bohemian Rhapsody”, wenye sehemu ya katikati inayoigiza opera, yaani tamthilia ya Kizungu ambayo wahusika wake huimba badala ya kusema. Ili wimbo uuzike Uingereza ilibidi uonekane kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, ambako wasanii walifika studio na kufanya pleibeki. Queen walikuwa wanaingia kwenye ziara, na tena sehemu ile ya opera isingeigizika kwa midomo ya watu wanne bila kuchekesha. Wakaamua kupeleka picha badala ya miili yao. Tarehe 10 Novemba 1975, katika studio za Elstree walikokuwa wakifanya mazoezi, mwongozaji Bruce Gowers aliipiga video yote kwa muda wa saa 4 hivi, kwa gharama ya takriban pauni 4,500. Mwongozaji ndiye anayeamua kamera isimame wapi na itazame nini.

Hapa nakuomba usogee karibu na kioo. Mwanzoni unaona nyuso nne gizani, zimemulikwa kwa juu, zimepangwa kama kwenye jalada la santuri yao ya Queen II, picha aliyoipiga Mick Rock. Baadaye uso wa Freddie unajirudia na kujirudia, ukififia kuelekea mbali, sambamba na mwangwi wa sauti. Leo kazi hiyo ingefanywa na kompyuta. Wao waliielekeza kamera kwenye runinga iliyokuwa ikionyesha picha ya kamera hiyo hiyo, picha ikawa inajimeza na kujitapika. Nyuso zilizogawanyika kama ndani ya almasi zilitokana na lenzi maalumu iliyowekwa mbele ya kamera. Naipenda sana sehemu hii, kwa kuwa inaonyesha akili ikifanya kazi pale ambapo fedha na muda ni haba.

Sasa uliza swali letu. Sauti ilitoka wapi? Ilitoka kwa Mercury, May na Taylor, walioimba studio safu juu ya safu mpaka watu watatu wakasikika kama kwaya nzima. Deacon hakuimba. Lakini uso wake umo miongoni mwa zile nyuso nne, nawe unapotazama unamsikia. Jicho limelidanganya sikio, na hakuna anayelalamika. Video ya wimbo huishi kwa mapatano hayo kati yake na mtazamaji.

  

Huenda hapa umeanza kufikiri kwamba video ya wimbo ni uongo na filamu ya tamasha ni kweli. Wanafunzi wengi husimama hapo, nami nakusihi usisimame. Tazama filamu iliyopigwa Montreal, Kanada, tarehe 24 na 25 Novemba 1981, ambayo leo inajulikana kama Queen Rock Montreal. Ni usiku mbili. Mhariri amezishona zikawa onyesho moja ambalo hakuna mkazi wa Montreal aliyewahi kulishuhudia. Sisi wa fani huita kazi hiyo kutafuta mwendelezo, maana yake kuhakikisha nguo, jasho na mahali pa kusimama havimshtui mtazamaji kutoka mkato mmoja hadi mwingine. Mkato ni pale picha moja inapokoma na nyingine inapoanza.

Subiri ifike “Bohemian Rhapsody”. Freddie anaimba kwenye piano, gita linalia, kisha inapoanza sehemu ya opera wanamuziki wanaondoka jukwaani! Zinabaki taa, na sauti unayoisikia ni kanda ya studio, kwa kuwa sehemu ile haikuwezekana kuimbwa na watu wanne moja kwa moja. Opera ikiisha wanarudi kwa kishindo na muziki unaendelea kwa mikono yao. Ninachowapendea ni uaminifu wao. Wangeweza kubaki na kufanya pleibeki mbele ya maelfu, walichagua kutoka. Kwa hiyo hata ndani ya filamu ya tamasha sauti ina mahali pawili pa kutoka, na mtazamaji makini huona mpaka ulipo.

Montreal inafundisha jambo jingine, la vifaa. Ilipigwa kwa ukanda wa filamu wa milimita 35, aina ile ya sinema, unaohifadhi picha kwa kemikali na kubeba maelezo mengi mno. Video ya 1975 ilipigwa kwa kanda ya sumaku ya televisheni, ambayo hubeba maelezo machache. Ndiyo sababu Montreal iliweza kuonyeshwa mwaka 2024 kwenye kumbi za IMAX, zenye vioo vikubwa kuliko nyumba, na picha ikabaki safi, ilhali ile ya 1975 ukiikuza sana inakuwa ukungu. Filamu ya Budapest, iliyoongozwa na János Zsombolyai tarehe 27 Julai 1986, nayo ilipigwa kwa ukanda wa sinema. Humo Freddie anawaimbia Wahungari wimbo wao wa asili kwa lugha yao, na ukitazama vizuri utaona macho yake yakishuka kwenye kiganja: maneno ameyaandika mkononi. Kamera iliyo mbali isingeiona siri hiyo. Picha ya karibu, inayojaza kioo kwa uso au mkono, ndiyo iliyotufichulia.

Tumefika mahali ninapopapenda kuliko pote, uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985. Tamasha la Live Aid lilikusanya fedha kwa ajili ya wenye njaa Ethiopia, na Queen walipewa dakika 20 hivi. Haya ni matangazo ya moja kwa moja: hakuna mhariri wa kesho, mwongozaji anachagua picha hapo hapo. Mtazame Freddie anavyolijua hilo. Ana fulana nyeupe isiyo na mikono, na mkononi ana nusu ya mlingoti wa kipaza sauti. Ulimvunjikia jukwaani zamani, na tangu hapo hakuuacha, akiugeuza gita, upanga, fimbo. Katika “Hammer to Fall” anamwendea mpiga kamera aliyepanda jukwaani na kucheza naye, lenzi ikiwa usoni. Waimbaji wengi huiogopa kamera au hujifanya haipo. Huyu aliikaribisha mchezoni, bila kumwacha hata dakika moja mtu wa safu ya mwisho kabisa uwanjani. Kuwahudumia watu hao wawili kwa wakati mmoja ni kazi ngumu mno, na kwa maoni yangu hakuna mwimbaji wa roki aliyeifanya vizuri kuliko yeye siku ile.

Kabla ya wimbo huo, katika “Radio Ga Ga”, umati mzima unainua mikono na kupiga makofi mawili mawili kwa pamoja. Nani aliwafundisha? Video. Katika video ya wimbo huo, iliyoongozwa na David Mallet na kutoka mwaka 1984, wanachama wa klabu ya wapenzi wa Queen walivaa nguo nyeupe na kupiga makofi hayo hayo mbele ya bendi, kati ya vipande vya Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927. Waliofika Wembley hawakuwa wamekuja kwa ajili ya Queen peke yao, lakini mikono yao ilijua la kufanya. Zile aina mbili nilizokutenganishia mwanzoni, basi, zinalishana: video inamfundisha mtazamaji, mtazamaji anakwenda tamashani, naye anakuwa sehemu ya filamu.

Limebaki jambo zito. Tarehe 30 Mei 1991 Freddie alisimama mbele ya kamera kwa mara ya mwisho, katika video ya “These Are the Days of Our Lives”. Alikuwa na UKIMWI, na alikuwa amekonda. Video ilitolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe ili udhaifu wake usionekane sana. May hakuwepo siku hiyo. Alipigwa peke yake baadaye na kuunganishwa. Mtu aliyejaza viwanja kwa kukimbia huku na huko sasa anasimama karibu pasi na kusogea, kazi yote ikiwa kwenye uso na vidole. Wanafunzi huniuliza kama inafaa kuichambua picha ya mtu aliye mgonjwa. Naona inafaa, kwa heshima, kwa kuwa alichagua mwenyewe kufika na alijua anachokifanya. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Mwezi uliofuata wimbo huo ulitolewa Uingereza kwenye santuri moja na “Bohemian Rhapsody”, ukashika nafasi ya kwanza.

Sasa zamu yako. Anza na Live Aid, maana ni fupi. Itazame mara moja kwa raha tu. Ya pili zima sauti, ufuate kamera. Ya tatu fumba macho, uwasikilize watu uwanjani. Ukimaliza, nenda Montreal. Halafu rudi nyumbani: itafute As Old as My Tongue ya Andy Jones, filamu ya mwaka 2006 kuhusu mwimbaji wa taarabu Bi Kidude, uiulize swali lile lile.

Na ukiwa wewe ndiye mwenye simu siku ya taarabu hapo Mgogoni, nina ombi. Usiifute sauti ya ukumbini hata kama ina kelele. Andika tarehe, mahali, jina la kikundi na la aliyeimba, kisha weka nakala mahali pawili. Maonyesho ya Queen ya mwaka 1974 kwenye ukumbi wa Rainbow, London, yalitoka kwa ukamilifu mwaka 2014, baada ya miaka 40, kwa kuwa kulikuwa na watu waliozitunza kanda.