Dawa ya Dizeli kwa Trekta la Zamani: Uweke au Uache?



Kila msimu wa kulima ukikaribia, napigiwa simu na swali lile lile: "Bwana shamba, trekta langu la zamani, niliwekee dawa ya dizeli?" Wanazungumzia zile chupa ndogo za kumimina kwenye tenki. Kwenye lebo zinaahidi kusafisha nozeli, kupunguza moshi, kuongeza nguvu na kuokoa mafuta, yote kwa mpigo.

Jibu langu la sasa ni hili: kwa matrekta mengi ya zamani, usianze na chupa. Anza na maji, uchafu na filta. Nasema "la sasa" kwa sababu kuna wakati nilijibu tofauti, na jibu lile lilimgharimu kijana mmoja msimu mzima.

Nilivyokosea

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafanya kazi upande wa Kilosa. Kijana mmoja alinunua Massey Ferguson 290 iliyotumika, kwa mkopo. Mpango wake ulikuwa mzuri: alime ekari zake 15, halafu alimie watu kwa kukodisha kabla masika hayajashika. Wiki ya kwanza tu trekta likaanza kukosa nguvu likiwa kwenye plau. Akanipigia simu. Bila kuliona, nikamwambia, "Hizo nozeli zimechafuka, mashine za zamani ndivyo zilivyo. Tafuta dawa ya kusafisha uweke."

Akaweka. Trekta likachangamka siku mbili, na mimi nikajiona mtaalamu. Akaongeza chupa ya pili. Siku ya tano likazima katikati ya shamba la mteja na halikuwaka tena.

Pampu ya dizeli ikafunguliwa, ikapelekwa kwa fundi Morogoro mjini. Alipoifungua tuliona alama za kutu mahali ambapo panatakiwa pang'ae kama kioo. Fundi akauliza swali moja tu: "Dizeli mnaiweka wapi?"

Dizeli ilikuwa kwenye pipa lililosimamishwa nje, halina paa. Mvua ikinyesha, maji yanatuama juu ya kile kifuniko. Mchana jua linapasha pipa na hewa iliyomo inapanuka. Usiku pipa likipoa, hewa inasinyaa na pipa linavuta ndani chochote kilicho juu ya kizibo, yaani yale maji. Kizibo kinaonekana kimekazwa vizuri, lakini ndani maji yanaongezeka kidogo kidogo.

Na ile chupa yangu? Ilikuwa ya aina inayochanganya maji na dizeli. Maji ambayo yangetua kwenye kikombe cha filta, tukayaona na kuyamwaga, yakasambaa kama maziwa na kupita mpaka kwenye pampu. Chupa haikuleta maji, yalikuwepo tayari. Ila ilituficha tatizo na kulisindikiza ndani.

Trekta liliporudi, masika yalikuwa yameshashika na wateja wameshakodi kwingine. Rejesho la kwanza la mkopo alilipa kwa kuuza mahindi aliyokuwa amejiwekea ya chakula. Hakunilaumu. Alisema tu, "Bwana shamba, siku nyingine uje uone kwanza."

Hoja ya "dizeli ya siku hizi ni kavu"

Hii hoja mtaisikia dukani, na ina ukweli ndani yake, kwa hiyo tuielewe vizuri.

Kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi miligramu 50 kwa kilo moja ya mafuta. Ni jambo jema kwa hewa na kwa injini pia, maana salfa ikiungua hutengeneza asidi inayochafua oili. Tatizo ni kwamba kazi ya kuondoa salfa kiwandani huondoa pia vitu vya asili vinavyoipa dizeli ulaini. Na pampu za kuzunguka, kama zile za CAV zilizofungwa kwenye Massey nyingi za zamani, hazina oili yake. Zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Sweden waliona hili mapema: walipoleta dizeli ya salfa ndogo sana mwaka 1991, pampu zilianza kufa.

Kutokana na hapo, wasafishaji na wasambazaji hurudisha ulaini kwa kuweka kiongezi kabla mafuta hayajafika sheli, na viwango vya dizeli vikawekewa kipimo cha ulaini. Kwa hiyo ukinunua dizeli halali, dawa ya kulainisha pampu imo tayari. Ukiongeza nyingine unalipia mara mbili.

Kuna jambo moja ambalo ni la kweli kwa mashine za zamani. Sili za mpira za zamani, zilizozoea dizeli ya salfa nyingi, zinaweza kusinyaa zikikutana na dizeli mpya, na pampu ikaanza kuvuja. Marekani walilalamikia hilo walipobadilisha dizeli yao mwaka 1993. Dawa yake ni kubadilisha sili. Chupa hairudishi mpira uliokakamaa.

Kinachoiua pampu huku kwetu

Cha kwanza ni maji. Cha pili ni vumbi linaloingia wakati wa kumimina kutoka kwenye dumu. Cha tatu ni dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa.

Wakubwa wenu wanakumbuka uchakachuaji ulivyoshamiri. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Hali ikawa afadhali. Lakini dizeli ya kwenye madumu, ya bei ya chee, isiyojulikana ilikotoka, bado hakuna anayejua ndani kuna nini. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vizuri. Ile shilingi uliyookoa kwenye dumu utakuja kuilipa kwa fundi pampu.

Michanganyiko ya mtaani

Petroli kwenye dizeli: usithubutu. Inapunguza ulaini na inafanya tenki lako liwe hatari ya moto.

Oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa: hapana. Ina masizi na chembe ndogo za chuma ambazo kitambaa hakizioni, lakini pampu inaziona.

Oili ya kuchanganya na petroli, ile ya chensoo: inaweza kuongeza ulaini kidogo, ila haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na ukizidisha inaacha masizi kwenye nozeli. Kama dizeli yako ni halali, huihitaji.

Soma moshi kabla ya kusoma lebo

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Angalia filta ya hewa kwanza. Msimu wa vumbi inaziba haraka sana. Baada ya hapo ndiyo uende kwenye nozeli zinazomwaga badala ya kupuliza, au pampu iliyofunguliwa kupita kiasi na fundi wa "ongeza nguvu".

Moshi mweupe usioisha injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua: majira ya pampu hayako sawa, mgandamizo umepungua, au kuna maji. Ukiona na maji ya rejeta yanapungua, kagua gasketi ya kichwa.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Ringi au gaidi za valvu zimeisha. Hakuna chupa duniani inayorudisha chuma kilicholika.

Na pima oili kila asubuhi. Ikipanda badala ya kushuka na inanuka dizeli, huenda mpira wa pampu ndogo ya kuvuta mafuta umepasuka na dizeli inaingia kwenye oili. Simamisha trekta siku hiyo hiyo, maana oili iliyochujuka inaua beringi za injini.

Fanya haya kabla ya kununua chupa

1. Toa dizeli kidogo kutoka chini ya tenki, weka kwenye chupa ya kioo iliyo safi, iache itulie. Maji yatakaa chini. Ikiwa na ukungu haisafiki, hiyo ina maji yaliyochanganyika.

2. Mwaga maji kwenye kikombe cha filta kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ni kazi ya dakika mbili.

3. Badilisha filta za dizeli kwa masaa yaliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Kama huna kitabu na hujui zilibadilishwa lini, zibadilishe sasa, kisha toa hewa kwenye mfumo.

4. Jaza tenki jioni ukimaliza kazi. Tenki likiwa nusu, unyevu wa hewa unaganda ukutani usiku na kudondoka ndani.

5. Pipa liweke chini ya paa. Kama lazima likae nje, lilaze ubavu, vizibo viwili viwe usawa mmoja, kimoja kushoto na kingine kulia, ili vifunikwe na dizeli kwa ndani na maji yasituame juu yake. Ukilihamisha, liache litulie siku nzima kabla ya kuchota, na mrija wa kuchotea usifike chini kabisa.

6. Nozeli zipelekwe kupimwa kwenye mashine ya fundi. Atakuonyesha kwa macho yako ipi inapuliza na ipi inadondosha.

Kijana yule wa Kilosa angefanya namba moja tu, angeona maji siku ile ile aliyonipigia. Na mimi ningekuwa nimemuuliza.

Basi chupa ina kazi lini?

Sisemi zote ni utapeli. Ziko hali tatu ambazo mimi huwa nakubali.

Kwanza, trekta lililokaa muda mrefu, dizeli ni safi, filta ni mpya, na nozeli zina uchafu wa kawaida. Dawa ya kusafisha nozeli inaweza kusaidia, kwa tenki moja au mawili. Isiwe mazoea.

Pili, umekuta ute mweusi kama kamasi kwenye tenki au filta. Hivyo ni vijidudu vinavyoishi kwenye mpaka wa maji na dizeli. Osha tenki, ondoa maji, halafu tumia dawa ya kuua vijidudu hivyo. Ni sumu, vaa glavu. Ukiiweka bila kuondoa maji, vitarudi.

Tatu, umelazimika kutumia dizeli usiyoiamini kwa siku chache. Hapo kiongezi cha ulaini ni bima ya muda, mpaka upate mafuta mazuri.

Ukinunua, soma kama inatenganisha maji na dizeli au inayachanganya. Kwa trekta lenye kikombe cha filta, chagua inayotenganisha ili maji uyaone na kuyamwaga. Kipimo nacho usikadirie kwa kifuniko. Lebo ikisema 1 kwa 1,000, dumu la lita 20 linataka mililita 20, basi. Tumia bomba la sindano. Kuzidisha hakuongezi kazi.

Dawa za kuongeza wepesi wa kuwaka, ziacheni. Injini hizi za zamani ni za mwendo wa polepole, na zikiwa na mgandamizo mzuri kwenye joto letu zinawaka bila shida. Za kuzuia dizeli kuganda kwa baridi ndiyo kabisa, ni za nchi za theluji.

Piga hesabu kama mfanyabiashara

Chukulia mfano: chupa ya shilingi 20,000 inatosha lita 100. Hiyo ni shilingi 200 kwa kila lita. Ukichoma lita 3,000 kwa msimu, umetumia shilingi 600,000. Weka bei halisi ya dukani kwako, halafu linganisha na seti ya filta, kupima nozeli na sili mpya za pampu. Jiulize ipi kati ya hizo fundi anaweza kukuonyesha kwa macho kwamba imefanya kazi.

Trekta la zamani lina faida moja kubwa: pampu na nozeli zake ni za kawaida, mafundi wanazijua, na linavumilia mengi kuliko mashine mpya za presha kubwa. Lisichovumilia ni maji.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujawasha, fungua kile kikombe cha filta uone kinatoa nini. Na ukinipigia simu kuhusu moshi, usishangae nikikwambia nisubiri, nakuja kuona kwanza.