Kiu Ndani ya Maji



Muwa ukinyauka, msimamizi husema haukupewa maji. Kwa neno hilo, katika shamba moja la miwa ambako tulikuwa tukiandikisha wanachama, wanyweshaji sita walikatwa mshahara wa siku tatu. Walidaiwa kulala kwenye zamu ya usiku.

Tulikwenda kuona kwa macho yetu. Udongo ulikuwa umelowa, viatu vyetu vikazama. Hata hivyo miwa ilikuwa imelegea, ncha za majani zimeungua. Juu ya matuta palikuwa na ukoko mweupe. Mzee mmoja wa zamu aliuonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Ilikuwa chumvi.

Inakuwaje mmea ufe kwa kiu nao umesimama majini? Mwili wa mmea umejengwa kwa vyumba vidogo mno viitwavyo seli. Kila seli ina utando unaopitisha maji kwa urahisi, lakini chumvi hupita kwa shida. Maji hupenya utando huo kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Wataalamu huita jambo hili osmosisi.

Ndani ya seli za mizizi mna chumvi na sukari kiasi. Udongo ukiwa na chumvi kidogo kuliko hiyo, maji huingia, seli hujaa kama mpira wenye upepo, na jani husimama. Chumvi ya udongo ikipanda, maji huingia kwa shida. Ikiizidi ya ndani, maji hutoka, utando hunywea na kuachana na ukuta wa seli, mmea hulegea. Mama zetu wanalijua hili: kitunguu cha kachumbari kikitiwa chumvi hutoa maji na kulainika.

Tulichukua kiazi ulaya, tukakata vipande viwili vya urefu mmoja. Kimoja tulikitia katika maji matupu, cha pili katika maji yenye vijiko viwili vya chumvi, tukaviweka mezani kwa Bwana Meneja mkutano ulipoanza. Baada ya saa mbili cha kwanza kilikuwa kigumu, kikavunjika kilipokunjwa. Cha pili kilipinda kama kamba. Bwana Meneja alikipinda mwenyewe, akanyamaza.

Chumvi ile ilitoka wapi? Ilikuja na maji yenyewe. Tuseme lita moja ina nusu gramu tu. Hekta moja ikinyweshwa kina cha mita moja kwa mwaka, hizo ni lita 10,000,000, na chumvi yake ni tani 5. Jua na majani huchukua maji, chumvi hubaki. Pasipo mitaro ya kutolea maji, kunywesha zaidi ni kuongeza ugonjwa. Dawa ni kuchimba mitaro kwanza, ndipo kuiosha chumvi kwa maji mengi yapate pa kutokea.

Mishahara ya wale sita ilirudishwa. Mitaro tuliidai miezi mingi zaidi.

Wawakilishi wa matawi, mwenzenu akishtakiwa kwa uvivu, msitie sahihi upesi. Nendeni shambani, tazameni ukoko, daini udongo upimwe. Umoja ni nguvu, na umoja wenye maarifa haudanganywi.