Kumwandaa Kiongozi Anayeweza Kuketi na Mpinzani Wake



Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na wanaotaka kiti cha mwakilishi wa wadi, yaani MCA, tayari wameanza kupitia katika vikundi vyetu. Wanafika, wanatoa kitu kidogo cha harambee, wanapiga picha na akina mama, halafu wanaenda. Vikundi kadhaa vimetuuliza: tuwafanyie nini watu hawa? Wengine wanasema wafukuzwe, siasa isiingie kikundini. Sisi tunaona wasipewe kikundi wakitumie, bali wapewe kazi. Maana liko jambo moja ambalo mgombea hawezi kujifunza juu ya gari la kampeni, nalo ni kufanya kazi na mtu wa chama kingine.

Chukueni mto Nyando. Maji yanayofurika Kano hayaanzii Kano. Yanateremka kutoka milima ya Nandi na Kericho, yanapita Muhoroni na Ahero hadi ziwani. Mwaka 2024, mwezi wa nne na wa tano, jamaa wengi wa Nyando walihama nyumba zao kwa sababu ya mafuriko. Sasa fikirini: katika uchaguzi wa 2022 Kisumu ilichagua gavana wa ODM, na Nandi na Kericho zikachagua wa UDA. MCA wa huku chini akipaza sauti kutwa kucha katika Bunge la Kaunti ya Kisumu, hawezi kupitisha hata shilingi moja ya kupanda miti kule juu Tinderet. Mwenye uwezo huo ni mwenzake wa kaunti nyingine, tena wa chama kingine. Asipojua kuongea naye, kingo za udongo zitajengwa kila mwaka na maji yatazibomoa kila mwaka.

Au chukueni Sondu, pale Nyakach inapopakana na Kericho. Soko ni moja, mama wa omena na mama wa mboga wanauziana siku zote. Lakini mwaka 2023 watu walipoteza maisha pale katika mapigano ya mpakani. Wakati kama huo mwananchi anahitaji kiongozi aliye na namba ya simu ya kiongozi wa upande wa pili, na ambaye akipiga, simu itapokelewa. Uhusiano wa namna hiyo haujengwi siku nyumba zinapochomwa.

Wengine hutuambia, "Lakini hapa kwetu chama ni kimoja, tushirikiane na nani?" Hata hapa kwetu wapo wagombea huru, wapo walioshindwa katika kura za mchujo na bado wana hasira, na zipo koo zinazosema kiti kimekaa upande mmoja mno. Tena tangu Raila Odinga afariki tarehe 15 Oktoba 2025, watu wa kandokando ya ziwa hawana tena sauti moja ya kumaliza ubishi. Mgombea wa sasa itambidi ajue kushawishi, na kusikiliza pia.

Kwamba vyama vinaweza kufanya kazi pamoja si ndoto. Wazee watakumbuka mwaka 1997. Kabla ya hapo, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali, na chifu alikuwa na nguvu nyingi juu ya mikusanyiko. Julai mwaka huo watu waliuawa katika maandamano ya kudai mabadiliko. Baadaye wabunge wa KANU na wa upinzani waliketi pamoja katika kundi lililoitwa IPPG, wakakubaliana kipengele kwa kipengele: leseni ikaondolewa na kubaki taarifa kwa polisi, nguvu za chifu zikapunguzwa, na makamishna 10 waliopendekezwa na upinzani wakaongezwa katika Tume ya Uchaguzi. Wapo waliosema hayo yalikuwa machache mno, na kweli katiba mpya ilingoja hadi tarehe 27 Agosti 2010. Hata hivyo kikundi chako kinapokutana leo bila hofu, jasho la watu wale limo.

Maridhiano mengine tumeyaona pia: mkataba wa tarehe 28 Februari 2008, handisheki ya tarehe 9 Machi 2018, na makubaliano ya UDA na ODM ya tarehe 7 Machi 2025. Hatusemi hayakufaa, yale ya 2008 yalisimamisha umwagaji damu. Shida ni kwamba huku chini tuliambiwa jana huyu ni adui, leo ati ni ndugu, na hakuna aliyetueleza njiani kumetokea nini. Pia kushirikiana si kunyamaza. MCA anayekula meza moja na wote na kuacha kuuliza pesa zimeenda wapi, huyo hajashirikiana na mtu, amenunuliwa.

Basi kikundi kifanye nini? Kwanza mjue kazi yenyewe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inasema MCA awe karibu na wananchi, ashauriane nao, apeleke maoni yao bungeni. Inamkataza kuingilia kazi za utekelezaji. Anayeahidi kujenga daraja kwa mkono wake mwenyewe, muulizeni kama amesoma sheria.

Halafu waiteni wagombea wawili au watatu wa vyama tofauti, siku moja, mbele ya kikundi. Kila mmoja aeleze msimamo wa mwenzake kuhusu jambo moja, kwa mfano maji ya kunywa, mpaka mwenzake akubali kwamba ameelezwa sawasawa. Tumelitumia zoezi hili katika semina, na si rahisi. Wengi huanza kujibu kabla ya kusikia.

Baada ya hapo wapeni wiki tatu walete pendekezo moja lenye sahihi zao wote. Kwa sheria, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo zoezi lifanyike mapema, mwezi wa sita hivi, ili pendekezo liwe na mahali pa kwenda.

Katibu aandike nani alikuja, nani alituma mtu, nani alisaini. Kitabu hicho kihifadhiwe. Na chai ya siku hiyo ipikwe na kikundi chenyewe, sukari na maziwa yatoke kwa wanakikundi, si kwa mgombea yeyote.