Tukiienzi mursik, tusiwapuuze watafiti

Atokaye mjini Eldoret akielekea kusini-mashariki hupita katika nyanda za baridi hadi akafika Plateau, kituo cha biashara ambacho hata jina lake ni la kigeni. Jina la eneo zima, Uasin Gishu, nalo limetokana na Kimaasai, na ndani yake limo neno inkishu, yaani ng'ombe. Mahindi yanayofunika mashamba ya huku asili yake ni bara la Amerika. Hata hivyo, kipo chakula kimoja ambacho jina lake, chombo chake na ufundi wake wote ni wa Wakalenjin wenyewe. Chakula hicho ni mursik.

Msomaji asiyeifahamu asidhani kwamba mursik ni maziwa yaliyoganda tu. Kwanza hutafutwa kibuyu, ambacho Wakalenjin hukiita sotet, kikaoshwa na kukaushwa. Kisha vijiti vya mti uitwao senetwet huchomwa hadi vikawa makaa, na unga wa makaa hayo husuguliwa ndani ya kibuyu kwa sosiot, ufagio mdogo mahususi kwa kazi hiyo. Maziwa yaliyochemshwa yakapoa humiminwa humo, kibuyu kikafunikwa, na kuachwa kwa siku kadhaa au hata majuma. Yanapomiminwa yana rangi ya kijivu na harufu ya moshi, nayo hunywewa pamoja na kimyet, yaani ugali, ambao zamani ulikuwa wa wimbi kabla ya mahindi kutawala.

Heshima ya kinywaji hiki haina kifani. Wanariadha wetu wanaporejea na medali kutoka ng'ambo, hupokewa kwa kibuyu cha mursik hata kabla hawajatoka uwanja wa ndege. Katika sherehe za posa na za jando, kukikosa kibuyu ni aibu kwa mwenye nyumba.

Kwa mwanaisimu, hata hivyo, kuna jambo la kutia wasiwasi. Siku hizi neno mursik limeanza kutumiwa kwa maziwa yoyote ya mgando yanayouzwa katika chupa za plastiki, yawe yamepata makaa ya senetwet au la. Jina limebaki, lakini kilichokuwa kikitajwa nalo kinapungua. Maneno sotet na sosiot hayawezi kuishi katika kamusi peke yake. Mtoto ambaye hajamwona nyanya yake akisugua kibuyu atayajifunzia wapi? Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa.

Lakini lipo la pili, nalo ni zito zaidi. Magharibi mwa Kenya kumejulikana kwa muda mrefu kuwa na wagonjwa wengi wa saratani ya umio, ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kupima sampuli chache za mursik. Katika baadhi yake walikuta kileo pamoja na asetaldehaidi, kemikali itokanayo na kileo, kwa kiwango kinachoweza kudhuru chembechembe za mwili. Chanzo ni aina fulani za hamira zinazoota ndani ya maziwa. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba mursik ndiyo iuayo. Walisema huenda ni mojawapo ya sababu.

Habari za namna hii huwagawa watu makundi mawili. Wapo wanaoona kuwa huo ni uzushi wa kuwatusi wazee waliokunywa mursik wakaishi miaka mingi. Wapo pia wanaotaka vibuyu vyote vitupwe leo. Kwa maoni yangu, makundi yote mawili yamekosea. Mzee aliyeishi miaka tisini hawezi kuwa ushahidi kwa niaba ya waliofariki wakiwa na arobaini. Na anayelaumu kibuyu peke yake amesahau kikombe cha chai: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto lipitalo nyuzi 65 huenda husababisha saratani hiyo hiyo. Katika baridi ya Plateau, ni nani angojaye chai ipoe?

Linalofaa ni kuchunguza zaidi. Vyuo vikuu vilivyoko Eldoret na serikali ya kaunti vingeweza kupima mursik ya nyumba kwa nyumba, kujua ni usafi gani, muda gani na hamira ipi iletayo madhara, kisha kuwarudishia akina mama matokeo hayo kwa Kikalenjin, lugha ambayo ufundi wenyewe umehifadhiwa ndani yake. Si jambo geni. Kenya ilishirikisha wanasayansi na wanavijiji kuzirudishia hadhi mboga za kienyeji kama mgagani na mnavu, zilizokuwa zikidharauliwa kuwa chakula cha maskini, na mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya nchi yetu ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa.

Mila isiyokubali kuulizwa maswali hufa pamoja na wazee wake. Nyanya aliyegundua kwamba makaa ya senetwet yanafaa kuliko ya mti mwingine alikuwa mtafiti kwa njia yake. Wajukuu wake wangemheshimu zaidi kwa kuendelea kuchunguza alipoachia yeye.