Mbuzi Wawili Mahakamani: Rekodi za Wanaojitolea Kuandika Hisabati

Ubishi uliotia fora katika makala za hisabati za Wikipedia ya Kiingereza haukuhusu fumbo lililowashinda maprofesa. Ulihusu milango mitatu, gari moja na mbuzi wawili, na mwaka 2011 ulifika mbele ya Baraza la Usuluhishi, ambalo kwa wahariri wa kamusi elezo hiyo ndiyo rufaa ya mwisho. Nimeuweka juu ya orodha hii kwa sababu moja: wabishi wote walikuwa na jibu lilelile.

Fumbo lenyewe linaitwa Monty Hall, jina la mtangazaji wa mchezo mmoja wa televisheni huko Marekani. Unachagua mlango mmoja kati ya mitatu. Nyuma ya mmoja kuna gari, nyuma ya miwili iliyobaki kuna mbuzi. (Anayesoma haya Idi ya kuchinja ikiwa imekaribia atauliza hasara iko wapi, tuchukulie kwamba gari ndilo linalotakiwa.) Mtangazaji, anayejua gari liliko, anafungua mlango mwingine, anakuonyesha mbuzi, kisha anakuuliza: unabaki na mlango wako au unahamia ule uliobaki? Steve Selvin alilichapisha fumbo hili mwaka 1975 katika jarida la wanatakwimu. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant akalijibu katika safu yake ya gazeti la Parade: hama, kwa kuwa anayehama ana nafasi mbili katika tatu za kupata gari. Alipokea barua zipatazo 10,000. Karibu 1,000 kati ya hizo zilitoka kwa watu wenye shahada ya uzamivu, na nyingi zilimwambia amekosea. Hakukosea.

Basi vita vikahamia Wikipedia, ambako wahariri waliopigana walishakubali kwamba jibu ni mbili katika tatu. Waligombania maelezo. Kambi ya kwanza ilitaka msomaji aelezwe kwa wepesi: ulipochagua mlango ulikuwa na nafasi moja katika tatu, mtangazaji kufungua mlango mwingine hakubadilishi hilo, kwa hiyo mbili zilizobaki zimo nyuma ya mlango usiouchagua. Kambi ya pili ikasema hapo imerukwa hatua. Ikiwa ulichagua mlango wenye gari, mtangazaji ana milango miwili ya mbuzi ya kufungua. Je, huchagua bila upendeleo? Kama ana mazoea ya kufungua wa kulia kila anapoweza, basi mlango aliofungua unakupa habari, na hesabu ya uwezekano lazima ianzie kwenye habari hiyo.

Kambi hii ya pili ilishika mkononi makala ya kitaaluma ya mwaka 1991 iliyosema maelezo mepesi yana kasoro. Katika Wikipedia hiyo ni silaha nzito, kwani mhariri haruhusiwi kuingiza utafiti wake mwenyewe, hata ukiwa sahihi herufi kwa herufi. Lazima aonyeshe chanzo kilichochapishwa. Watu waliozoea kumaliza mabishano kwa uthibitisho ubaoni wakajikuta wakiulizana nani ameandika nini, katika jarida gani. Shauri lilipofika barazani, hisabati haikuguswa. Baraza linaamua mwenendo wa wahariri tu, na huo ndio uliohukumiwa. Makala yenyewe, iliyokuwa na hadhi ya makala bora, ilivuliwa hadhi hiyo.

Kwa maoni yangu kambi zote mbili zilikuwa na haki, ndiyo maana hazikuweza kumalizana. Anayefundisha na anayethibitisha hawawezi kuanza na aya moja.

Tisa zisizo na mwisho

Ubishi wa pili unaandikika kwa nafasi ndogo zaidi: 0.999..., tisa zinazoendelea bila kikomo, ni sawa na 1. Si kwamba inakaribia 1. Ni 1 yenyewe. Aliyefika darasa la saba ana njia ya kuliona jambo hili: theluthi moja kwa desimali ni 0.333..., na theluthi tatu ni kitu kizima. Lakini wengi wanaokubali mstari wa kwanza wanaukana wa pili, na hapo hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Wanasema lazima kuna upenyo mdogo kabisa kati ya namba hizo mbili. Wakiombwa kuitaja namba moja tu inayokaa katika upenyo huo, wanarudi kwenye neno “lazima”.

Makala hiyo ni nzuri. Ilipewa hadhi ya makala bora na kuwekwa ukurasa wa mbele Oktoba 2006. Wapinzani walikuwa wengi kiasi kwamba wahariri waliwafungulia ukurasa wao wa pembeni, unaoitwa Hoja, ili ukurasa wa kawaida wa majadiliano ubaki wa kazi: vyanzo, mpangilio, michoro. Katika maamuzi yote ninayoyajua ya jumuiya hiyo, huu naupa tuzo ya busara. Hakufukuzwa mtu, walipewa kijiwe chao, na kila wakati yuko mwenye subira wa kuwajibu.

Uthibitisho mrefu, ukurasa mtulivu

Sasa linganisha. Uthibitisho unaotajwa kuwa mrefu kuliko wote uliowahi kufanywa na binadamu ni ule wa kuainisha makundi sahili yenye kikomo, tawi la aljebra. Waandishi wake ni kama 100, makala zake ni mamia, kurasa zake ni makumi ya maelfu, na sehemu kubwa ilichapishwa kati ya 1955 na 2004. Miongoni mwa makundi hayo kuna 26 yasiyoingia katika familia yoyote, na kubwa lao, linaloitwa Zimwi, lina elementi nyingi hata idadi yake huandikwa kwa tarakimu 54. Mpita njia haingii huko kusema haiwezekani. Ili ubishe unahitaji kwanza kuelewa unachobishia, na tiketi ya kuingia ni miaka kadhaa ya chuo kikuu. Milango mitatu haina tiketi. Ndiyo maana kazi kubwa ya wanaojitolea haiko kwenye yale magumu. Iko kwenye yale ambayo kila mtu anadhani anayajua.

Namba kubwa kuliko zote ni mfano mwingine. Mwaka 1980 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitambua namba ya Graham kuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kutumika katika uthibitisho wa dhati wa kihisabati. Ni kubwa mno hata ulimwengu wote hautoshi kuandikia tarakimu zake, ingawa inajulikana kwamba ya mwisho ni 7. Swali inalolihusu linauliza mchemraba unahitaji vipimo vingapi ili rangi mbili za mistari yake zilazimishe mchoro fulani kutokea, na jibu halisi linaweza kuwa dogo kama 13. Ila wahariri wanalazimika kueleza jambo ambalo mashabiki hawapendi kulisikia: makala ya Ronald Graham na Bruce Rothschild ya mwaka 1971 ina kikomo kidogo kuliko namba hiyo. Namba iliyopata umaarufu ni ile aliyoieleza Martin Gardner katika safu yake ya jarida la Scientific American mwaka 1977. Rekodi ilishaingia kitabuni, na vizazi vinaendelea kuinukuu.

Wepesi, wazito na waliofungiwa

Rekodi ya uzito wa mwendo inashikwa na Nupedia, mama yake Wikipedia, iliyoanza mwaka 2000. Kila makala ilipita hatua saba za ukaguzi wa wataalamu. Mwaka wa kwanza zilipita 21. Wikipedia ilipofunguliwa Januari 2001, pasipo mlinzi mlangoni, ilipata makala 200 mwezi wa kwanza na 18,000 kufikia mwisho wa mwaka.

Kesi iliyozaa matunda mengi kuliko nyingine ilikuwa ya MathWorld, kamusi elezo ya hisabati ya Eric Weisstein. Alikuwa ametoa kitabu na kampuni ya CRC Press, ikatokea mivutano juu ya haki za maandishi, na Oktoba 2000 mahakama ikaamuru tovuti izimwe. Ilirudi Novemba 2001. Katika pengo hilo vijana wa chuo cha Virginia Tech wakaanzisha PlanetMath, ambako kila mtu angeweza kuandika na hakuna kampuni ingeweza kufunga. Kwa kuwa maandishi yake yalikuwa huru, wahariri wa Wikipedia wakaandaa orodha ndefu na kuyapitia moja moja: lipi tunalo, lipi hatuna, lipi la wenzetu ni bora kuliko letu.

Kwa wingi wa makala za mtu mmoja, taji la kihistoria ni la Louis de Jaucourt, aliyeandika karibu robo ya Encyclopédie ya Ufaransa ya karne ya 18, makala kama 17,000, bila mshahara. Aliuza nyumba yake ili awalipe makarani. Hisabati hakuigusa sana. Hiyo ilikuwa ya mwanahisabati d’Alembert. Miongoni mwa walio hai, David Eppstein, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, anahariri kwa jina lake halisi na ni mmoja wa nguzo za makala za hisabati za Kiingereza, wasifu wa wanahisabati wanawake ukiwemo.

Kosa lililodumu ni la William Shanks, Mwingereza aliyepiga hesabu ya pi kwa mkono na kufikia mwaka 1873 akawa na tarakimu 707. Zilizo sahihi ni 527 za mwanzo. Kosa halikuonekana hadi miaka ya 1940, D. F. Ferguson alipoirudia hesabu. Wakati huo jumba la sayansi la Palais de la Découverte mjini Paris lilikuwa limeshazipanga tarakimu za Shanks kuzunguka ukuta wa chumba kizima. Zilirekebishwa mwaka 1949. Ni miaka 70 hivi ya watu kunakili bila kukagua.

Upande wetu

Agosti 2025 mkutano wa mwaka wa wanaojitolea wa Wikipedia na miradi ndugu, Wikimania, ulifanyika Nairobi. Ulikuwa umefika Afrika mara mbili kabla, Alexandria mwaka 2008 na Cape Town 2018, lakini Afrika Mashariki ilikuwa mara ya kwanza. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na mwenye kuizoea anajua makala zake nyingi zinavyokiri zenyewe kwamba bado ni mbegu. Hisabati ina kikwazo chake: Tanzania hufundisha somo hilo kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha sekondari inageukia Kiingereza, Kenya hulifundisha kwa Kiingereza. Mwandishi anayejitolea ana msamiati wa kutosha hadi darasa la saba, na baada ya hapo anajikatia njia.

Ningeulizwa pa kuanzia ningetaja kanuni ya Euclid. Inatafuta kigawo kikubwa cha shirika, KKS, bila kuvunja namba kuwa tasa. Chukua 84 na 30. Ondoa 30 mara mbili, inabaki 24. Ondoa 24 kwenye 30, inabaki 6. Sita inaingia kwenye 24 bila baki, basi KKS ni 6. Ina zaidi ya miaka 2,000, na mtoto aliyefundishwa KKS kwa njia ya namba tasa ataona jinsi hii inavyomfikisha haraka.

Namba isiyo na pa kukaa

Kati ya miradi ya leo iliyo katika orodha hii, wa kale kuliko yote ulianza mwaka 1964, Neil Sloane akiwa mwanafunzi wa uzamivu Cornell. Alikutana na namba 1, 8, 78, 944 akataka kujua inayofuata. Hakukuwa na kitabu cha kuuliza, basi akaanza kukusanya mifuatano kwenye kadi. Mwaka 1973 akatoa kitabu chenye mifuatano 2,372, na barua za wasomaji zikammiminia mingine. Tangu 1996 mkusanyo huo uko kwenye intaneti, ukiitwa OEIS. Una mifuatano zaidi ya 370,000, na wahariri wanaojitolea hukagua kila unaoletwa.

Mkusanyo huo umezaa rekodi ya ajabu: namba isiyovutia kuliko zote, yaani ndogo kabisa isiyoonekana katika mfuatano wowote. (Kila mfuatano huonyeshwa hatua za mwanzo tu, kwa hiyo hata orodha ya namba zote haiokoi jahazi.) Mwaka 2009 cheo hicho kilikuwa cha 11630, baadaye 12407, kisha 13794, ambayo ilikipoteza Novemba 2012 ilipoingia katika mfuatano A218631. Mei 2021 mshikaji alikuwa 20067. Kwa kawaida anayetangazwa hukaa kwenye cheo kwa muda tu.

Kuna namba moja, hata hivyo, ambayo hakuna mhariri atakayeisaidia. Kila mfuatano una nambari yake ya usajili. A053873 hukusanya kila n ambayo mfuatano wa nambari hiyo unaibeba n yenyewe. A053169 hukusanya zile ambazo mfuatano wao hauzibebi. Je, 53169 imo katika A053169? Ikiwemo, sharti linaitoa. Ikitolewa, sharti linairudisha.